Taa ya Udongo na Bahari ya Wote: Sikukuu za Wahindu na Usafi wa Mazingira katika Unguja

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni jumla ya mambo ambayo watu wa nchi moja huyaamini, huyatenda na huyarithisha kwa watoto wao, yawe ya ibada, ya kazi au ya furaha. Katika mambo hayo sikukuu zina mahali pake maalumu, kwani sikukuu ni siku ambayo jamii hujionyesha kama ilivyo. Hula kilicho bora, huvaa kilicho safi, hupatanisha waliogombana na humshukuru Mungu kwa mwaka uliopita. Ukitaka kuwajua watu, tazama wanavyofanya kazi. Na ukitaka kuwajua zaidi, tazama wanavyosherehekea.

Visiwa vyetu vina sikukuu za Waislamu, za Wakristo, za Wahindu, na nyingine za mila ambazo ni kongwe kuliko kumbukumbu za maandishi. Insha hii inahusu sikukuu za Wahindu. Wanafunzi wengi wamewahi kuziona taa zake zikiwaka katika vichochoro vya Mji Mkongwe, lakini ni wachache walioelezwa maana yake. Madhumuni yetu ni kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba sikukuu hizi zimo katika historia ya pwani yetu kwa muda mrefu. La pili, kwamba kuzisherehekea bila ya kuchafua nchi na bahari si amri mpya iliyobuniwa ili kuiminya dini ya watu. Ni kurudia desturi ya zamani ya dini hiyo hiyo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mjadala huu tuupime kwa kijiji cha Kiwengwa, hali Wahindu wa Unguja wamekaa zaidi mjini tangu zamani. Jawabu ni kwamba Kiwengwa iko katika pwani ya mashariki, inaikabili Bahari ya Hindi bila ya kisiwa kingine cha kuikinga, na ardhi yake ni jiwe la matumbawe. Katika mahali kama hapo kila kinachotupwa huonekana kinakokwenda. Tangu miaka ya 1990 ufuo wake umejengwa hoteli nyingi, na wageni wa mataifa na dini mbalimbali huja kufurahi huko. Kwa hiyo taa na fataki, zilizokuwa mambo ya mjini, siku hizi zina njia ya kufika mpaka ufukweni. Kiwengwa, basi, ni mzani mzuri wa kupimia jambo letu.

Bahari iliyokuwa mlango

Watu wa India hawakuletwa pwani yetu na wakoloni wa Kiingereza, ingawa ni kweli kwamba wengi wao waliongezeka wakati wa ukoloni. Waliletwa na pepo. Kaskazi, inayovuma kati ya mwezi wa Novemba na Machi, ilizisukuma merikebu na makotia kutoka Kutch na Gujarat mpaka huku. Kusi ikazirudisha kwao. Bahari ilikuwa mlango, na pepo mbili ndizo zilizoufungua.

Ushahidi mmoja wa zamani unahusu mji wa Malindi. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga hapo, Wareno walizikuta merikebu nne za watu kutoka India. Wareno waliwadhania kuwa ni Wakristo. Lakini mwandishi wa safari ile anasema kwamba watu wale waliwaeleza kuwa hawali nyama ya ng'ombe, na kwa hiyo imekubalika kwamba walikuwa Wahindu. Mwandishi huyo anaendelea kusimulia kwamba waliomba ruhusa kwa mfalme wa Malindi wafanye sherehe ya usiku kwa ajili ya wageni. Ulipoingia usiku wakapiga mizinga, wakarusha fataki angani na kupaza sauti za shangwe.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kwa sababu mbili. Kwanza, chatuonyesha kwamba fataki za Kihindi ziling'ara katika pwani ya Waswahili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Hatuwezi kusema kwamba ni jambo la jana. Pili, chatuonyesha adabu ya watu wale. Kabla ya kuwasha fataki zao walimwomba ruhusa mwenye mji. Tutarudi kwenye adabu hiyo mwishoni.

Katika Unguja wafanyabiashara wa Kihindu waliongezeka sana baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake hapa kutoka Muskat, katika miaka ya 1830 na 1840. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, wa jamaa ya Bhatia kutoka Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19. Pembe za ndovu, karafuu na nguo zilipita mikononi mwao. Na hatuna budi kusema pia kwamba fedha za matajiri wa wakati ule, Wahindi, Waarabu na Wazungu, hazikuepukana na biashara ya watumwa. Wengi wa Banyani, kama walivyoitwa na wenyeji, waliishi bila ya wake zao mpaka miongo ya mwisho ya karne hiyo. Walikula vyakula visivyo na nyama, walichoma maiti wao, na walishika kalenda yao.

Mswahili aliwatazama kwa macho mawili. Methali yetu yasema: "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Ndani ya maneno hayo machache mna dharau, na mna pia kukiri kwamba mtu huyu anahitajiwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa nyingi za Kihindi zilihama, na Wahindu waliobaki Unguja ni wachache. Hata hivyo mahekalu yao katika Mji Mkongwe, kama lile la Shiv Shakti la Hurumzi, yamebaki kuwa mahali pa ibada, na Diwali imeendelea kusherehekewa. Jamii ndogo namna hii yafaa isemwe kwa uangalifu, maana ni rahisi wengi kuwatwika wachache makosa ya wote.

Vifaa vya ibada vilikuwa nini?

Tuzitazame sasa sikukuu zenyewe, na hasa vitu vilivyotumika kuziadhimisha.

Diwali ni kifupi cha neno la Kisanskriti, Dipavali, maana yake ni safu ya taa. Husherehekewa usiku wa mwezi mwandamo, usio na mbalamwezi, katika Oktoba au Novemba. Kwa Wahindu wengi ni ukumbusho wa kurejea kwa Rama nyumbani Ayodhya baada ya kumshinda Ravana. Kwa wote ni ushindi wa nuru juu ya giza. Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati ilikuwa pia ni siku ya kufunga hesabu za mwaka. Madaftari mapya yaliwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa neema, yakaombewa, na kesho yake mwaka mpya ukaanza. Haikosi hekima kwamba mwaka huo ulifunguka karibu na kuanza kwa kaskazi, wakati vyombo vilipokuwa tayari kuvuka bahari.

Je, safu hiyo ya taa ilitengenezwa kwa nini? Kwa kisahani cha udongo uliochomwa, utambi wa pamba, na samli au mafuta ya mbegu. Mlangoni palitungikwa kamba ya majani ya mwembe na maua. Kizingitini wanawake walichora mapambo kwa unga wa mchele, na chungu na ndege wakaja kuula. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni sadaka. Asubuhi yake kilichobaki kilikuwa ni udongo, majivu na majani makavu.

Navaratri, yaani mikesha tisa, hutangulia Diwali kwa wiki chache. Wagujarati huicheza ngoma yao ya garba kwa kuzunguka chungu cha udongo kilichotobolewa matundu na kuwekewa taa ndani. Holi huja katika Februari au Machi, kwa moto mkubwa wa kuni na kwa kurushiana rangi. Rangi za zamani zilitokana na mimea: ya machungwa kutoka maua ya mti uitwao palash, na ya manjano kutoka bizari. Ziliingia katika nguo na ngozi, kisha zikatoka kwa maji bila ya kumdhuru mtu wala samaki.

Sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, husherehekewa Agosti au Septemba. Sanamu yake hufinyangwa, huabudiwa kwa siku maalumu, kisha hupelekwa kwa nyimbo mpaka mtoni au baharini na kuzamishwa. Ilikuwa zaidi ni ibada ya majumbani mpaka mwaka 1893, ambapo Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, aliieneza kuwa sherehe ya hadhara ili kuwakusanya watu chini ya utawala wa Waingereza. Maana ya kuizamisha ni nzito: umbo limetoka udongoni na udongoni linarudi, kama vile mwili wa binadamu. Maana hiyo hukamilika pale tu sanamu inapokuwa ya udongo unaoyeyuka.

Na iko sikukuu nyingine ambayo ingependeza kujulikana zaidi na watu wa visiwani. Katika mwezi mpevu wa Julai au Agosti, mabaharia na wavuvi wa pwani ya magharibi ya India huiadhimisha Nariyal Purnima, yaani mwezi mpevu wa nazi. Huko kwao hapo ndipo ghadhabu ya kusi inapoanza kupungua. Huenda ufukweni na kuitolea bahari nazi, wakiomba salama kabla ya kuanza msimu wa safari. Mtu wa Kiwengwa hahitaji kufasiriwa heshima ya nazi. Kifuu chake, makumbi yake na nyama yake, bahari huvipokea vyote na kuvigeuza kuwa chakula cha viumbe wake.

Tukikusanya yote haya twapata jambo moja. Udongo, pamba, samli, maua, unga, bizari, kuni na nazi: karibu kila kitu cha ibada kilitoka ardhini na kilijua njia ya kurudi ardhini. Wahindu hufundishwa kwamba ulimwengu umeumbwa kwa asili tano, nazo ni ardhi, maji, moto, hewa na anga. Tena hufundishwa ahimsa, yaani kutokudhuru kiumbe. Vifaa vyao vya zamani viliafikiana na mafundisho hayo.

Uchafu ulivyoingia

Uchafu uliingia kwa mlango wa kiwanda. Sanamu ya udongo ilichukua siku nyingi kufinyangwa na ilivunjika upesi njiani. Plasta ya jasi ikawa nyepesi, rahisi na ya haraka, lakini haiyeyuki upesi majini. Hukaa vipande vipande, na rangi zake za mafuta mara nyingi huwa na madini ya sumu kama risasi. Unga wa bizari ukaachwa kwa rangi za kemikali. Kamba ya majani ya mwembe ikaachwa kwa maua ya plastiki. Kisahani cha udongo kikaachwa kwa kikombe cha bati chenye nta itokanayo na mafuta ya petroli.

Fataki nazo zilibadilika. Baruti ya zamani ilikuwa ni shura, salfa na makaa. Fataki za leo huongezwa madini ili zitoe rangi: bariamu kwa kijani, strontiamu kwa nyekundu, shaba kwa buluu. Kila rangi inayopendeza angani hushuka chini ikiwa vumbi, pamoja na makaratasi, nyuzi na vigae vya plastiki. Isitoshe, kilichokuwa kikirushwa na watu wachache kwa usiku mmoja sasa hununuliwa kwa makasha. Katika Delhi moshi wa fataki za Diwali huchanganyika na moshi wa magari na wa mabua yanayochomwa mashambani, hata wagonjwa wa pumu na watoto wakapata taabu ya kuvuta pumzi.

Wala asifikiri msomaji kwamba mageuzi haya yaliwafika Wahindu peke yao. Sote tulihama kutoka kikapu kwenda mfuko wa plastiki, na kutoka jani la mgomba kwenda sahani ya kutupa. Tofauti ni kwamba siku ya sikukuu mageuzi hayo huonekana yote kwa pamoja, kama hesabu inayofungwa mwisho wa mwaka.

Bamvua la Kiwengwa

Sasa tuje Kiwengwa. Mwalimu wa jiografia atakuwa amekwisha kuliona jambo ambalo wavuvi hulijua bila ya kusoma. Diwali huwa usiku wa mwezi mwandamo. Nariyal Purnima na Holi huwa wakati wa mwezi mpevu. Sanamu za Ganesh nyingi huzamishwa siku moja kabla ya mwezi mpevu. Na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio nyakati za bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kutoka sana. Sikukuu hizi, basi, zinakwenda na kalenda ile ile inayoendesha bahari.

Katika bamvua la Unguja maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita tatu hadi nne. Hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hutoka kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Fikirini usiku wa Diwali katika ufuo wa Kiwengwa. Saa nne maji yametoka, mchanga umekuwa mpana, na watu wanapata uwanja mzuri wa kurushia fataki. Wanapokwenda kulala huona ufuo mkubwa wenye takataka chache zilizotawanyika. Saa kumi alfajiri bahari inafika mpaka juu kabisa, inavikusanya vyote, na inaondoka navyo. Ukiamka asubuhi waona ufuo mweupe, wadhani hakuna kilichoharibika. Kumbe kimehamishwa tu.

Kimehamishiwa wapi? Mbele ya ufuo mna maji machache, na baada yake mwamba wa matumbawe ambapo mawimbi makubwa huvunjika. Hapo katikati ndipo penye nyasi za bahari, vichanga vya samaki na mapango ya pweza. Saa nne asubuhi ya siku ile ile, maji yakitoka tena, wanawake huteremka. Wengine huchokoa pweza. Wengine huenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanzishwa katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 na ambacho kwa maelfu ya wanawake kimekuwa mapato yaliyo mikononi mwao wenyewe. Kazi zao zote mbili hufuata bamvua. Huingia majini siku zile zile ambazo bahari imebeba mabaki ya sherehe za usiku, na wengi huingia miguu mitupu. Waya wa fataki hauulizi ni mguu wa nani.

Ardhi nayo ina yake. Kiwengwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na nyuma ya kijiji mna Msitu wa Hifadhi wa Kiwengwa na Pongwe, wenye mapango yaliyochongwa na maji kwa karne nyingi. Katika nchi ya maweni maji ya mvua hayakai juu. Hupenya katika nyufa, hukutana chini kwa chini na huelekea baharini. Watu wa pwani hii walizoea kuteka maji ya kunywa mapangoni. Kinachomwagwa juu, kiwe mafuta, rangi au vumbi la madini, hakina udongo wa kukichuja. Na Diwali huangukia msimu wa vuli, mvua inapoanza kulisafisha jiwe na kuteremsha kila kilicho juu yake.

Haki inatutaka tuongeze neno. Matumbawe yetu hayakuharibiwa na Diwali. Mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe yalipauka katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, pamoja na za kwetu. Maji machafu ya majumbani na ya hoteli huingia kila siku, wala hayangoji sikukuu. Lakini mgonjwa aliyekwisha dhoofika huumizwa hata na jambo dogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuangalia hata usiku mmoja wa fataki.

Marekebisho kutoka ndani

Jambo la kutia moyo ni kwamba Wahindu wenyewe walikuwa wa kwanza kulijadili suala hili. Mjadala wa namna ya kuabudu si mgeni kwao. Mwaka 1875 Dayananda Saraswati aliunda Arya Samaj katika mji wa Bombay, akahimiza ibada isiyo na sanamu, kwa moto mdogo wa samli na mimea yenye harufu nzuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafuasi wa chama hicho walikuwako mpaka hapa Unguja. Hatuingii katika hitilafu za kiitikadi. Twataja tu kwamba dini yenye mazoea ya kujitazama haishindwi kujitazama tena.

Tarehe 23 Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ya India ilitoa uamuzi kwamba zitumike fataki za moshi na kelele chache tu, na kwamba usiku wa Diwali zirushwe kati ya saa mbili na saa nne. Mwaka 2020 bodi ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia uchafuzi ilitoa mwongozo unaokataza sanamu za plasta ya jasi na mapambo ya plastiki ya kutumiwa mara moja. Mwongozo huo haukutekelezwa kila mahali kwa siku moja, lakini katika miji mingi wafinyanzi wa udongo wamepata tena wanunuzi, na manispaa zimechimba madimbwi maalumu ya kuzamishia sanamu, ili mto ubaki safi na ibada ibaki ibada. Wako hata wanaopanda mbegu ndani ya sanamu ya udongo, na kuiyeyusha katika chungu cha bustani yao.

Hapa kwetu njia ni fupi zaidi, kwa kuwa vifaa vya zamani bado tunavyo. Wafinyanzi wetu wanajua kuchoma udongo. Wanaofinyanga chetezo hawatashindwa na kisahani cha taa. Mafuta ya nazi yapo. Miembe ipo. Bizari ipo katika kila jiko la Unguja. Mwenye kutaka kusherehekea Diwali kwa namna ya babu zake hana haja ya kuagiza kitu ng'ambo. Atakayemuuzia ni jirani yake wa shamba, na fedha zitabaki nchini.

Mzani mmoja

Liko kosa moja ambalo insha kama hii yaweza kulizaa, nalo ni msomaji kunyanyua kidole kuwaelekea Wahindu na kusahau vidole vitatu vinavyomrudia mwenyewe. Ikiwa fataki za Diwali huchafua bahari, basi na fataki za hoteli usiku wa tarehe 31 Desemba huichafua vile vile, tena hazina hata udhuru wa ibada. Viwanja vya sikukuu za Idi hujaa maputo na mifuko. Mifupa ya bahari haina dini.

Tuna mfano wetu wa nyumbani wa sikukuu iliyojengwa kwa vitu safi. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, watu huukoga mwaka kila Julai. Wanaume hupigana kwa magogo ya mgomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na mwisho watu huenda baharini. Mgomba, makuti na maji: hata sherehe hiyo, ambayo asili yake hutajwa kuwa Uajemi, ilitumia vitu vya shamba letu. Yanayobaki nyuma yake siku hizi na kuudhi macho ni chupa za maji na soda, ambazo hazikuwamo katika mila.

Serikali imefanya sehemu yake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bahari ya kaskazini mashariki ya Unguja imo katika Eneo la Hifadhi ya Bahari la Kisiwa cha Mnemba na Ghuba ya Chwaka. Lakini sheria husimama mlangoni tu. Anayeingia ndani ya nyumba ni mwalimu na mzazi. Mwanafunzi wa Kiislamu amefundishwa kwamba usafi ni katika imani. Mwenzake wa Kihindu amefundishwa kwamba maji ni moja katika asili tano tukufu. Wakikutana ufukweni siku ya kusafisha hawahitaji mfasiri.

Hitimisho

Tumeona kwamba sikukuu za Wahindu zilifika pwani yetu kwa pepo, pamoja na watu waliozishika. Kwamba vifaa vyake vya asili vilikuwa safi. Kwamba uchafu uliletwa na urahisi wa kiwanda na si na imani. Na kwamba kurudi kwenye usafi ni kurudi nyumbani. Kwa walimu tunapendekeza somo hili lisifundishwe kwa mdomo peke yake. Wanafunzi wa skuli zetu wapewe udongo wafinyange taa. Wapewe kalenda ya mwezi wapime bamvua. Wahesabu wenyewe kinachobaki ufukweni baada ya sherehe, yoyote ile, bila ya kuchagua dini.

Mwaka 1498 Wahindu wa Malindi, wakiwa wageni, waliomba ruhusa ya mfalme kabla ya kurusha fataki. Wahindu wa leo si wageni. Ni wananchi, na hawana wa kumwomba ruhusa ya kuabudu. Lakini adabu ile ingali yafaa, kwao na kwetu sote. Kabla ya kuwasha, kumwaga au kuzamisha kitu, tuwakumbuke watakaoingia majini kesho saa nne asubuhi.

Taa yetu ya udongo, iwakapo hutujuza,
Haiwashwi kwa maringo, bahari kuiuguza,
Nuru haina urongo, yenyewe hufuta kiza,
Bahari ndiyo mlango, haifai kupuuza.

Nazi ikenda majini, hurudi kuwa mbolea,
Chupa huozea lini? Miaka yapotelea,
Wa mjini na shambani, sote twaitegemea,
Bahari ndiyo mlango, haifai kupuuza.